Maswali ya wasomaji: Pointi hazikutosha, chuo kikuu naingiaje?

Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, barua za udahili hutufikia kwa wingi. Hizi tano ni za Tanzania, na majibu yanafuata vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kabla ya kulipa ada ya maombi, fungua mwongozo wa udahili wa mwaka unaoombea, kwa sababu vigezo huguswa mara kwa mara. Upo wa kidato cha sita na upo wa stashahada, usichukue usiokuhusu.

*Shikamoo mhariri. Nimesoma HGK, nimepata D ya Kiswahili, E ya Historia na S ya Jiografia. Nina daraja la tatu, mbona mifumo ya vyuo inanikataa? (Msomaji, Singida)*

Marahaba. Daraja na udahili ni hesabu mbili tofauti. NECTA (Baraza la Mitihani) ikipanga madaraja, D ni 4, E ni 5, S ni 6. Jumla 15, nawe uko daraja la tatu kihalali. TCU haiangalii daraja. Inataka prinsipo mbili, yaani ufaulu kamili (A hadi E), zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Wewe una 3.0, na S si prinsipo. Tena pointi hizo lazima zitoke kwenye masomo ambayo kozi yenyewe imeyataja. Wapo wenye pointi 6 wanaoachwa kwa sababu hiyo tu.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Mei, lakini usajili wake hufungwa mwaka unaotangulia, kwa hiyo anayengoja "mwakani nitajiandikisha" hupoteza mwaka mzima.

Ya pili ni kozi ya faundesheni ya Chuo Kikuu Huria. Mwenye pointi 1.5 za kidato cha sita kwenye masomo mawili (yaani hata E na S) anaruhusiwa. Kuimaliza tu hakutoshi: unatakiwa GPA (wastani wa alama) ya 3.0 katika masomo sita ya msingi, na pia angalau C katika masomo matatu ya fungu lako, liwe sanaa, sayansi au biashara. Wengi hukaza macho kwenye GPA, kumbe somo moja la fungu lina D.

Ya tatu ni stashahada. Kwa prinsipo moja na sabsidiari (S) moja, kozi nyingi zitakuingiza NTA 5 (ngazi ya tano ya tuzo za ufundi) moja kwa moja, nawe unamaliza kwa miaka miwili badala ya mitatu ya aliyetoka kidato cha nne. Ukitoka na GPA ya 3.0 unaomba shahada. Tungekuwa sisi tungechagua hii: mambo yakikwama, cheti cha stashahada kinaombea kazi, cha faundesheni peke yake hakikufikishi popote.

*Nilimaliza 2015 na D mbili. Mdogo wangu alimaliza 2022 na D mbili vilevile, yeye kapokelewa. Nimeonewa? (Msomaji, Kahama)*

Hapana, ndugu. Waliomaliza 2014 na 2015 walipangiwa kwa mizani nyingine iliyokuwa na B+: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. D zako mbili ni pointi 2.0, za mdogo wako ni 4.0. Kwenu ninyi kiwango cha chini ni C mbili. Usipoteze nauli kwenda kulalamika, pointi 2.0 zinakutosha kuingia faundesheni.

*Kijana wangu ana stashahada ya utabibu, GPA 3.2. Anataka udaktari wa binadamu, chuo kimemkataa. (Mzazi, Tabora)*

Mama, tazama cheti chake cha kidato cha nne kabla ya kuilaumu GPA. Kwa udaktari, stashahada ya utabibu yenye GPA 3.0 au wastani wa B ni nusu ya sharti. Nusu nyingine ni angalau D kwenye Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Mara nyingi kikwazo huwa F ya Hisabati, na dawa yake ni kurisiti somo hilo kwenye mtihani wa Novemba.

Kama zote zipo, angalia namba ya uhakiki, AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Mwenye stashahada haombi shahada bila hiyo. Haitoki kama chuo alichosoma hakijawasilisha matokeo yake, au majina yakipishana na ya NECTA, hata kwa jina la kati tu. Majina hurekebishwa kwa hati ya kisheria, si kwa barua ya mtendaji wa mtaa. Aanze mapema, dirisha la udahili halimngoji mtu.

*Ni fundi umeme, nina D mbili za kidato cha nne na cheti cha VETA ngazi ya tatu. Nimechelewa? (Msomaji, Masasi)*

Hujachelewa. Kwa anayepitia stashahada, TCU hudai ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, lakini NVA ngazi ya tatu (ndicho cheti chako cha VETA) hukubaliwa hata kama D hazifiki nne. Tafuta stashahada ya umeme inayopokea cheti hicho, uimalize kwa GPA 3.0.

Ipo pia njia ya kutambuliwa ujuzi uliopatikana kazini, RPL. Unaandaa jalada la ushahidi: barua za waajiri, mikataba, picha za kazi ulizofanya, vyeti vya mafunzo mafupi. Kisha unafanya mitihani miwili, na wastani unaotakiwa ni B+. Ni mitihani ya kuandika. Fundi hodari asiyeshika kalamu kwa miaka huangukia hapo, kwa hiyo jizoeze kuandika insha kwanza.

*Nimechaguliwa vyuo viwili. Niende nikaripoti kokote? (Msomaji, Moshi)*

La. Thibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu yako, ndani ya siku zilizotangazwa. Namba isipofika, ingia kwenye akaunti uliyoombea udahili uiombe tena. Kama uliomba kwa simu ya mwenye stesheneri, namba imekwenda kwake, mfuate leo.