Angola ya kina dada na handiboli: maswali yenu, leo nayajibu

Mmeuliza mengi kuhusu timu ya taifa ya wanawake ya Angola, wale wanaoitwa Pérolas yaani lulu, na mengine yanafanana kwa hiyo nimeyaunganisha. Twende.

Eti kweli wamechukua ubingwa wa Afrika mara 16 au watu wanakuza?

Hawakuzi. Wa kwanza ni 1989, na wa 16 ni ule wa Kinshasa mwaka 2024 walipowafunga Senegal fainali. Kuanzia 1998 mpaka 2012 walibeba 8 mfululizo, hakuna aliyepita katikati. Tunisia ndo wakakata ule mnyororo 2014, ila 2016 mashindano yalifanyika Luanda wakalirudisha kombe palepale kwao na hawajaliachia tena. Na kumbuka vita vya wenyewe kwa wenyewe Angola viliisha 2002, maana yake zile za mwanzo zote walizipata nchi ikiwa bado haijatulia, mimi hilo huwa linanigusa kuliko idadi yenyewe.

Petro de Luanda wa handiboli ndo hawahawa tunaowaona kwenye ligi ya mabingwa ya soka?

Ndo haohao, klabu moja michezo tofauti. Na hapa ndo penye jibu la wale wote waliouliza "siri yao nini", kwa sababu wengi mlidhani ni miili tu au vipaji, hapana. Petro wana mkono wa kampuni ya mafuta ya taifa, Sonangol, halafu upande wa pili kuna Primeiro de Agosto ambayo ni klabu ya jeshi, na hawa wawili hawapendani uwanjani hata kidogo. Wamepokezana ubingwa wa nyumbani na wa klabu Afrika miaka na miaka. Sasa binti akiingia pale anakuta kocha yupo, ukumbi upo, mazoezi ni ya kila siku na sio ya wiki mbili kabla ya mashindano, na kila msimu anajua kuna watu wa mtaa wa pili wanamsubiri wamuumbue. Timu ya taifa kwa muda mrefu imejazwa na wachezaji wa klabu hizi mbili, kwa hiyo wakienda kambini washajuana kabisa, nani anapenda kupigia kulia, nani akichoka anashusha mkono. Nchi nyingine inaita wachezaji wanaoonana mara moja kwa mwaka halafu inashangaa kufungwa kwa magoli 15.

Mbona Afrika wanatisha ila duniani hawafiki nusu fainali?

Swali zuri na linaniuma. Kombe la dunia nafasi yao ya juu kabisa ni ya 7, Ufaransa 2007. Olimpiki ya Rio 2016 waliwapiga Romania 23-19 na Montenegro 27-25, wakaingia robo fainali wakafungwa na Urusi 31-27, na Urusi hao ndo waliochukua dhahabu. Paris 2024 wakawafunga Hispania 26-21, wakatoka sare 31-31 na Hungary, halafu mechi ya mwisho ya kundi na Brazil, ambayo mshindi alikuwa anaingia robo fainali, wakalala 30-19.

Mi naona tatizo sio uwezo wa wale 7 wa kwanza, wale wanacheza na mtu yeyote. Handiboli ni dakika 60 na kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, mnatoka mnaingia muda wote, kwa hiyo benchi ni nusu ya timu. Wenzao wa Norway na Denmark kila wiki wako kwenye ligi ambayo mechi inaamuliwa dakika 5 za mwisho, wakati Angola akicheza Afrika mara nyingi mechi imeshaisha mapumziko. Utajifunzia wapi kutulia ukiwa umeachwa goli moja na mwenzako katolewa nje kwa adhabu ya dakika 2? Ndo maana nafurahi kila nikisikia mmoja kasajiliwa Ulaya, na wale wanaosema "wanaikimbia ligi ya nyumbani" sikubaliani nao kabisa.

Yule kipa wa Rio aliyependwa na Wabrazil?

Teresa Almeida, jina la uwanjani Bá. Kipa mwenye mwili mkubwa, mwepesi kuliko walivyomdhania.

Ile video ya mchezaji wa Brazil kambeba wa Angola ni ya kweli?

Ya kweli, na ni kwenye mechi hiyohiyo ya Paris niliyoitaja. Albertina Kassoma aliumia, akawa hawezi kusimama vizuri, Tamires Araújo wa Brazil akamnyanyua mikononi akamtoa nje. Na Kassoma sio mtu mdogo jamani! Mechi ya kufa na kupona bado mtu anafanya hivyo, mi nampa heshima zake zote.

Makocha wao ni wazawa au wageni?

Wote wamepita. Filipe Cruz ndo alikuwa nao Rio, kisha akaja Morten Soubak wa Denmark, aliyewapa Brazil ubingwa wa dunia 2013.

Sijawahi kuangalia handiboli, nianze kuangalia nini?

Acha kufuata mpira, mwangalie pivoti. Huyo ndo anasimama katikati ya mabeki kwenye mstari wa mita 6, mgongo kaupa goli, anasukumwa anavutwa jezi, na mkono mmoja kauacha wazi chini anaombea pasi. Pasi ikipenya anaudaka, anageuka, anarukia ndani ya eneo la kipa, na hiyo inaruhusiwa ilimradi mpira umemtoka mkononi kabla hajagusa chini. Beki akimvuta mkono kwa nyuma ni penalti ya mita 7, na mara nyingi anakaa nje dakika 2 juu yake. Angola wanapenda sana njia hiyo, kwa hiyo ukiona pivoti wao anapigwa na refa hapulizi, jua watapata shida siku hiyo.