Mwanangu, usimlipe huyo kijana wa matangazo bado

Mwanangu kipenzi, waalaykumu salaam. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa jikoni mafuta yanalia sikushika vizuri, ya pili baada ya isha nimetulia barazani. Umeniuliza mikoba yako ya miaa, hayo majani unayosukia, itajulikana vipi hapo Malindi na wewe pesa ya matangazo huna, na kuna kijana anataka umpe elfu tano kila wiki akuwekee tangazo Facebook. Mimi nakwambia usimpe, bado. Tangazo la kulipia si baya, lakini kuna wateja unao tayari na unawaacha wanapotea, hao ndio uanze nao.

Hebu nikwambie kitu sijawahi kukwambia vizuri. Zile kofia zangu, wewe ukiwa mdogo ulikuwa ukinitilia uzi kwenye sindano, kofia moja nzuri ilikuwa yanichukua miezi mitatu, nikimaliza nampa dalali, anapeleka Mombasa, basi imeisha hiyo. Sasa mwaka mmoja watu walipokuja Maulidi hapa Lamu, akatokea mzee anauliza huku Langoni nyumba kwa nyumba nani alishona kofia hii, ameivaa kichwani, mimi kuiona tu nikaijua kwa ule ukingo wake. Akaniambia, mama, miaka miwili nakutafuta, wanangu na wakwe zangu wote wataka. Miaka miwili mwanangu! Watu wana pesa mkononi na mimi nimekaa hapa namsubiri dalali. Usiku ule nililia.

Kwa hivyo kila mkoba unaotoka mkononi mwako uwe na jina lako na nambari yako. Usiende kuchapisha lebo za bei, chukua leso kuukuu, kata vipande vidogo, andika kwa ile kalamu ya wino usiotoka na maji, shonea kwa ndani karibu na mkono wa mkoba. Na nambari usiandike 07, andika +254 halafu ile sifuri uitoe, manake Mtaliano akirudi kwao rafiki yake auone mkoba autake, akipiga 07 haipati, na huyo hatajisumbua mara ya pili. Mkoba unaotembea sokoni begani kwa mtu ni tangazo halilipiwi, lakini kama hauna jina unatangaza miaa tu, haukutangazi wewe.

Halafu mamangu, hilo la kukaa nyuma ya meza umeinamia simu uliwache kabisa. Nilikuona nilipokuja mwezi wa saba, watu wanapita, wanatazama, wanaenda zao. Suka mbele yao! Kaa na ukili wako mkononi, mtu akiona vidole vinakwenda atasimama tu, hata asiyetaka kununua, na mmoja akisimama wa pili naye husimama, na akiuliza inachukua siku ngapi tayari mushaanza kuongea na hapo hata bei haimshtui, ameona jasho lako. Mwenye kuchonga milango hapa Lamu hafanyi kazi amejifungia ndani, yuko pale mlangoni, wageni wamemzunguka. Hata video, usijipige wewe unatabasamu na mkoba ulokwisha, piga mikono yako ikisuka, nusu dakika yatosha.

Picha zako nazo zina giza. Hiyo taa ya chumbani inaifanya miaa iwe kama imeoza, toka nje asubuhi au baada ya alasiri jua likishapoa, weka mkoba kwenye ukuta mweupe au mpe dadako aubebe ili watu wajue ukubwa wake. Na bei iandike. Hii tabia ya njoo inbox mimi siipendi, mtu anaona aibu kuuliza anapita. Ile WhatsApp ya biashara ni ya bure, ina katalogi, weka mikoba yako yote humo na bei zake, stetasi inapotea baada ya saa ishirini na nne lakini katalogi inabaki. Na hapo unapouzia paweke kwenye ramani ya Google, hiyo pia ni bure, wageni wanatembea wakiitazama.

Gesti na mahoteli usiende kuwaomba wakuuzie, nenda na kikapu cha mkate kimoja uwape watumie mezani asubuhi, lebo yako imo ndani. Mgeni akikishika mwenyewe atauliza kimetoka wapi. Wakitaka kuuza, sawa, lakini mali kauli, yaani wauze kwanza ndio wakulipe, iandike kwenye daftari, mikoba mingapi, tarehe gani, na watie sahihi. Mimi niliwahi kupoteza kofia sita kwenye duka moja kwa sababu niliona haya kumuandikisha mtu ninayemjua.

Na harusi usizisahau, wewe wawaza wageni tu. Wageni wana msimu wao, mwezi wa nne na wa tano mvua ikishuka utakaa na mikoba yako peke yako. Lakini mwali mmoja akitia zawadi za wenzake kwenye vikapu vyako, ukumbi mzima wa wanawake unarudi nyumbani na kazi yako. Mfanyie bei nzuri huyo wa kwanza, ila bure usimpe, na vikapu vyote vitie lebo.

Daftari lako lile la wateja, kaa nalo leo usiku. Wote walonunua mwaka huu waandikie mmoja mmoja, kwa jina lake, uulize mkoba unaendeleaje, umwambie una rangi mpya. Usitume ujumbe mmoja kwa watu mia, watu wanajua.

Nduguyo anavuka bara hadi Mokowe Ijumaa kuja huko na basi, nimempa mafungu manane ya miaa, mawili nishayatia rangi ya zambarau, na leso yangu ile iliyochanika ya kukatia lebo. Ukishashonea kumi nitumie picha nione mwandiko, ule wako wa harakaharaka haunisomeki.

Mamako