Maswali Yenu ya Februari: Valentine Hakuwa Mshenga

Je, ni kweli Mtakatifu Valentine aliuawa kwa kuwaozesha askari kwa siri, baada ya Kaisari Claudius kuwakataza kuoa? Nataka kuwasomea vijana wa parokia kisa hiki. (Msomaji, Maweni)

Tafadhali usiwasomee. Kila Februari naletewa kisa hiki, na kila Februari nakikataa. Simulizi la kale la kifo chake, ambalo nalo liliandikwa karne kadhaa baada yake, halitaji harusi hata moja. Linasema padri Valentine alifikishwa mbele ya Claudius II, aliyetawala kati ya 268 na 270, kisha akakabidhiwa kwa hakimu Asterius. Hakimu alikuwa na binti kipofu. Padri akamwombea, binti akaona, nyumba nzima ikabatizwa, naye padri akakatwa kichwa kando ya barabara ya Flaminia. Mambo yaliyomo ni sala, ubatizo na upanga. Hiyo amri ya kuwazuia askari wasioe haimo, wala hakuna kumbukumbu ya Kirumi inayoitaja. Tena Kaisari Septimius Severus alikuwa ameshawaruhusu askari kukaa na wake zao tangu mwisho wa karne ya 2, Claudius hajazaliwa.

Na ile barua ya "kutoka kwa Valentine wako", inayosemwa alimwachia binti wa mlinzi wa jela, nawasihi msiisambaze tena. Ilipachikwa baadaye sana. Mtu amekufa kwa imani yake, nasi tunamfanya mshenga! Vijana wenu wana haki ya kuambiwa alikufa kwa ajili ya nini.

Sasa mapenzi yaliingilia wapi? (Msomaji, Watamu)

Kwa ndege. Geoffrey Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, alitunga shairi refu ambamo ndege wanakutana siku ya Mtakatifu Valentine, kila mmoja achague mwenzake. Shairi hilo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayoifunga siku hii na wapendanao. Makabaila wa Ulaya wakaupenda mtindo huo, wakawa wanaandikiana mashairi. Karne ya 19 wachapaji wa kadi wa Uingereza na Marekani wakaugeuza biashara, na biashara ndiyo iliyotufikia sisi, ikabeba na waridi la Naivasha. Msikope kwa simu kununua waridi hilo. Tarehe 15 limenyauka na deni bado bichi.

Nasikia Kanisa lilimfuta mwaka 1969. (Msomaji, Gede)

Halikumfuta. Liliondoa sikukuu yake katika kalenda ya Kanisa zima kwa kuwa machache yanajulikana juu yake: jina, na kwamba alizikwa barabara ya Flaminia tarehe 14 Februari. Siku hiyo sasa wanakumbukwa watakatifu Cyril na Methodius. Jina la Valentine limo bado katika orodha ya wafiadini.

Kaburi lake liko wapi? (Msomaji, Mambrui)

Inategemea unamuuliza nani. Mtaliano wa hapa Malindi aliyetoka Terni, mji ulio kama kilomita 100 kutoka Roma, atakwambia ni askofu wao na analala katika basilika yao. Roma wanaonyesha fuvu katika kanisa la Santa Maria in Cosmedin. Dublin, Ireland, wana masalia yake waliyopewa na Papa Gregory XVI mwaka 1836. Huenda walikuwa Valentine wawili, padri na askofu.

Mwaka 2024 siku hii iliangukia Jumatano ya Majivu, nikaenda kula nyama choma na mchumba. Nilikosea? (Msomaji, Barani)

Ndiyo, Jumatano ya Majivu ni siku ya kufunga na kutokula nyama. Itaangukia tena hivyo 2029.

Mimi ni Muislamu. Mume wangu hataki hata kuisikia siku hii. Nimlazimishe? (Msomaji, Shela)

Usimlazimishe, dada yangu. Siku ina jina la mfiadini wa Kikristo, na mumeo ana haki ya kuiacha ipite. Ila nahisi kinachokuuma si tarehe, ni kwamba hukumbukwi. Mwambie hilo kwa maneno hayo hayo, usiku mkiwa wawili. Mama zetu hawakujua kadi, lakini walijua kikuba cha asumini kwenye mto wa kulalia, na walijua mwanamume aliyesimama dukani akasoma leso moja moja mpaka akapata jina, yaani ule usemi ulioandikwa juu yake, la kumpelekea mkewe. Muombe leso.

Mtu mzima amenipa simu mpya na kunialika chakula cha Valentine hotelini. Niko kidato cha pili. Niende? (Mwanafunzi)

Usiende, mwanangu. Mwambie leo hii mama yako, shangazi au mwalimu unayemwamini, na simu hiyo wakabidhi wao. Ukiogopa kusema nyumbani, piga 116, hailipiwi. Hujafanya kosa lolote kwa kuniuliza.