Regesta ya Erben: kufupisha hati bila kuipunja

Swali: Ninasomea utunzaji wa nyaraka. Nimekutana na jina la Karel Jaromír Erben, mshairi wa Kicheki aliyetengeneza kitabu kiitwacho Regesta. Regesta ni nini, hutengenezwaje, na je, kazi hiyo inahusiana na mashairi yake?

Jibu: Ndugu, regesta ni mkusanyo wa mihtasari ya hati uliopangwa kwa tarehe, ili mtafiti ajue hati inasema nini kabla hajaifungua. Erben (1811–1870) alikuwa mtunza nyaraka wa kwanza wa mji wa Praha, tangu 1851. Juzuu yake ya kwanza, kwa Kilatini, ilitoka 1855 ikiwa na hati za Bohemia na Moravia, majimbo ya Cheki ya leo, za kuanzia mwaka 600 hadi 1253. Mwanahistoria Josef Emler akaiendeleza hadi 1346.

Ukitaka kutengeneza muhtasari wa aina hiyo, anza na tarehe kwa hesabu ya leo, kisha nakili tarehe hiyo kama ilivyoandikwa kwenye hati. Fuatisha mahali, aliyetoa hati, aliyepewa, na tendo lenyewe kwa kitenzi kimoja: anauza, anaweka wakfu, anasamehe ushuru. Majina ya vijiji usiyarekebishe tahajia. Malizia na mashahidi, muhuri, kama ni hati asili au nakala, na inapotunzwa. Dua za ufunguzi, sifa za mfalme na laana kwa atakayeivunja hati, ziache. Lakini mahali inapotunzwa usipaache kamwe: Mei 1945 jengo la baraza la Mji Mkongwe wa Praha liliungua, na vitabu vingi vya kale vya mji vikateketea humo. Hati ikishapotea, muhtasari unaoonyesha ilikuwa wapi na nani aliinakili ndio njia ya kuifuatilia.

Wengi huteleza kwenye tarehe. Huko Bohemia zama hizo, mwaka mpya ulihesabiwa kwa kawaida tangu Krismasi. Kwa hiyo hati iliyoandikwa 27 Desemba 1231 kwa hesabu hiyo ni ya 27 Desemba 1230 kwa hesabu yetu. Usipoligundua hilo, hati inaruka mwaka mzima, na unaweza kumkuta mtu aliyekwisha kufa anashuhudia mauzo. Anayesoma barua za Kiswahili za herufi za Kiarabu ana mtego kama huo: mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882, basi barua isiyotaja mwezi iandikie 1882/1883, usichague mmoja.

Hati ya kughushi nayo usiitupe. Iweke kwenye tarehe inayodai, uitie alama. Inaeleza vizuri sana aliyeighushi alitamani kumiliki nini.

Kuhusu mashairi, uhusiano upo, tena wa karibu. Erben alikusanya nyimbo za watu wa kawaida zaidi ya 2,000 na kuzilinganisha namna zake mbalimbali, kama anavyolinganisha nakala za hati. Kytice, diwani yake ya 1853, ina tungo 12 za masimulizi, na aliziambatanishia maelezo ya chimbuko la visa vyake. Tazama “Polednice”, yaani pepo wa adhuhuri. Mtoto analia karibu na benchi; mama anampa jogoo, gari na askari wa kuchezea, vyote vinarushwa pembeni. Mama kwa hasira anamwita pepo, naye anakuja kweli. Baba anarudi, anamkuta mkewe amezirai, amemkumbatia mtoto kifuani. Mama anazinduka kwa shida. Mtoto amekosa pumzi, amekufa. Hakuna ubeti wa kuomboleza. Huo ni mkono uliozoea kuandika tendo na kuacha mapambo.

Hata mpangilio wa Kytice ni wa mtunza nyaraka: utungo wa kwanza umeoanishwa na wa mwisho, wa pili na wa kumi na moja, hadi katikati. Kwa hiyo ukipata toleo la 1861 lenye tungo 13, toa kwanza “Lilie”, ulioongezwa baadaye, ndipo jozi zitaonekana.