Nikichomoa chaja tu, gemu inakufa

SWALI: Fundi habari za kazi, niko chuo hapa Morogoro, nimenunua laptopu ya gemu ya mtumba ina kadi ya grafiki RTX 3050. Nikicheza GTA V na chaja inateleza kabisa, fremu 70 mpaka 80 kwa sekunde, ila umeme ukikatika hapo hapo inashuka mpaka 30 na saa nyingine inakwama kwama. Washkaji wananiambia nimepigwa. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hujapigwa mdogo wangu, usiende kugombana na mtu. Geuza hiyo chaja usome nyuma, utakuta volti na ampea, zidisha. Nyingi za gemu zimeandikwa 19.5 na 9.23, hapo unapata wati 180. Sasa betri, tuseme yako ni ya Wh 60 (yaani inaweza kutoa wati 60 kwa saa moja), ingekubali kutoa wati 180 ingeisha dakika 20 na ingechemka vibaya sana, kwa hiyo laptopu yenyewe inaibana kadi ya grafiki na prosesa ukichomoa tu. Ndivyo zilivyotengenezwa, hata mpya ya dukani iko hivyo hivyo.

Angalia kwanza inashukaje. Kama inaganda 30 kamili haipandi haishuki, hiyo ni Battery Boost ya NVIDIA (waliotengeneza kadi yako), inayobana fremu ukiwa kwenye betri, ingia kwenye programu yao uizime au uipandishe. Kama inaruka ruka, mara 40 mara 18, hapo kadi inakosa umeme wa kutosha na dawa yake ni kuipunguzia mzigo. Mimi nakushauri funga fremu kwenye 40 humo humo kwenye gemu au kwenye programu ya NVIDIA, maana 40 iliyotulia inachezeka vizuri kuliko 60 inayodondoka kila ukikata kona na gari, halafu shusha vivuli na nyasi (nyasi za GTA zinakula sana wallahi), rezolusheni ikibidi iwe 720, kasi ya skrini (Hz) itoe 144 iweke 60 na mwanga upunguze. Ile hali ya umeme kwenye seting za Windows iweke kwenye nguvu ya juu (Best performance), wengi wanaisahau imekaa kwenye kubana matumizi halafu wanalia. Ukifanya hivyo saa moja na kidogo unapata.

Ila kwa kuwa ni ya mtumba, betri inanitia wasiwasi kuliko kadi. Fungua ile dirisha nyeusi ya amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili, humo kuna namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo ikijaa. Kama ya leo imeshuka chini ya nusu, hakuna seting itakayokuokoa, tafuta betri nyingine.

SWALI: Je pawabenki ya simu inaweza kusaidia?

JIBU: Ya simu hapana, nyingi zinatoa wati 10 mpaka 20 tu. Inatakiwa ya wati 65 au 100, na tundu la USB-C la laptopu yako liwe linakubali kuchaji, sio yote yanakubali. Hata hivyo ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 na nyingine inapotea njiani, yaani umejiongezea karibu betri moja, hujapata chaja. Fremu zitabaki zile zile 40.