Kabla ya kufunga kreni ya kuondolea miti kwenye lori, anza na mizani

Lori langu la kwanza la kuondolea miti lilipanda mizani likiwa halijabeba hata tawi, na bado likakutwa limezidi uzito. Ekseli ya mbele, yaani mhimili wa magurudumu ya mbele, ambayo kwa mujibu wa kibati cha mtengenezaji kilichobandikwa mlangoni haikupaswa kubeba zaidi ya kilo 8,000, ilikuwa na kilo 8,640. Nilisimama na ile karatasi mkononi huku fundi aliyenifungia kreni akiniambia kwamba nikipakia magogo nyuma, mbele patapungua. Hapakupungua. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote ambaye bado hajalipia kreni, kwa sababu kosa langu lilikuwa la hesabu ambayo ningeimaliza kwa dakika 10 na kalamu.

Hesabu yenyewe ni hii. Pima umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma. Kama nyuma ziko mbili, pima hadi katikati yake. Kwangu ulikuwa mita 5. Kreni, pamoja na miguu yake inayoshushwa ardhini kulizuia lori lisipinduke na fremu ya nyongeza inayolazwa juu ya chasisi, ilikuwa na kilo 4,300, na kitovu cha uzito wake kilikaa nyuma tu ya kabini, mita 1 kutoka ekseli ya mbele. Kwa hiyo ekseli ya mbele ilitwishwa sehemu 4 kati ya 5 za uzito huo, yaani kilo 3,440, na kilo 860 tu ndizo zilizokwenda nyuma. Lori lenyewe, likiwa na mafuta na watu wawili ndani, lilikuwa tayari na kilo 5,200 mbele. Jumlisha, utapata zilezile 8,640. Mimi nilikuwa nimeangalia uzito wa jumla peke yake, nikaona bado nina nafasi ya tani kadhaa, nikaridhika. Shehena nayo huipunguzia ekseli ya mbele mzigo pale tu kitovu chake kinapokuwa nyuma ya ekseli za nyuma, na bodi ya kawaida haikai hivyo; mara nyingi kila tani unayopakia huongeza kitu kidogo mbele pia.

Kumbuka vilevile kwamba mipaka ni miwili, ule wa kibati cha mtengenezaji na ule wa sheria ya barabara ya nchi yako, na unaokubana ni ule ulio mdogo kati ya hiyo miwili.

Nilifikiria kuihamishia kreni nyuma kabisa, kama wafanyavyo wengine. Kitovu chake kingekaa mita 1.5 nyuma ya ekseli za nyuma, nacho kingeipunguzia ekseli ya mbele kilo 1,290 na kuzitwika ekseli za nyuma juu ya uzito wa kreni wenyewe. Njia hiyo inawezekana, ila inataka chasisi iimarishwe vizuri upande wa nyuma na magogo yapangwe mbele ya bodi, kwa kuwa watengenezaji wengi wa malori hutaka ekseli ya mbele ibaki na walau asilimia 20 ya uzito wote ili usukani na breki vishike. Sikuipenda kwa kazi yangu.

Nilichofanya hatimaye ni kuiuza kreni ile na kununua ndogo yenye kilo 2,800. Mbele pakashuka hadi kilo 7,440, na zile kilo 560 zilizobaki zikanitosha kubeba tani 5.6 za magogo ambazo kitovu chake kiko nusu mita mbele ya katikati ya ekseli za nyuma, kwa sababu sehemu 1 kati ya 10 ya mzigo huo ndiyo inayofika mbele. Watu waliniuliza nitawezaje kuondoa miti mikubwa kwa kreni ndogo. Jibu langu ni kwamba mti haunyanyuliwi mzima. Unakatwa kuanzia juu, na ukubwa wa kipande unauamua wewe. Kreni kubwa unaibeba kila siku, kwenda na kurudi, hata siku ambayo kazi ni ya matawi matupu.

Hapa ndipo jedwali la uwezo, linaloonyesha kreni inanyanyua kilo ngapi kwa kila urefu wa mkono, linapotakiwa kusomwa kwa makini. Kwa urefu wa mkono wa mita 12 kreni yangu inanyanyua kilo 900, lakini koleo lenye msumeno linalofungwa kwenye ncha lina kilo 350, nazo zinatoka katika hizo 900. Zinabaki 550. Mimi hupunguza robo nyingine, kwa sababu kipande kinapoachana na shina huja kwa kishindo na kuuvuta mkono chini ghafla, kwa hiyo hesabu yangu haizidi kilo 410. Mti mbichi wa aina nyingi huwa na uzito wa karibu kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, nami hutumia takwimu hiyo hata ninapohisi kwamba mti ni mwepesi zaidi. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 40 lina takriban kilo 126 kwa kila mita, kwa hiyo naweza kukata mita 3 na zaidi kidogo. Gogo la sentimita 60 lina kilo 283 kwa mita, na hapo siruhusu kipande kipite mita 1.4. Kipenyo kimeongezeka kwa nusu tu, ilhali uzito umezidi maradufu. Macho hayakuambii hivyo ukiwa chini. Penye panda, mahali matawi makubwa mawili yanapoungana, hukata kifupi zaidi, kwa kuwa kuni nyingi zimejazana pale.

Limebaki suala la miguu, ambalo nililichukulia kirahisi hadi siku moja, kwenye uwanja wa majani uliokuwa na mtaro wa zamani uliofukiwa, utingo wangu alipopiga kelele "Shusha! Shusha!" kabla mimi sijahisi lolote. Mguu wa kulia ulikuwa unazama taratibu, na majani yalikuwa yamejikunja kuuzunguka kama kitambaa. Nilikishusha kipande, lori likasimama sawa. Mguu mmoja unaweza kubeba tani 10. Juu ya bamba lake la sentimita 40 kwa 40, hiyo ni zaidi ya tani 62 kwa kila mita ya mraba, lakini ukiweka chini yake bamba gumu la mita 1 kwa 1, inashuka hadi tani 10. Sasa mabamba manne ya ukubwa huo hayatoki kwenye lori, na uzito wake uko ndani ya hesabu yangu ya ekseli. Kabla ya kuufungua mkono huuliza mwenye eneo kuhusu mashimo, mitaro na mabomba, kisha hunyanyua kipande cha kwanza kidogo kuliko kinachoruhusiwa, huku utingo akiwa ameuangalia mguu wa upande wa mzigo na si mti.