Wasomaji Wanauliza: Baiskeli kando ya Mediterania, na marafiki watatu njiani

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kifaransa, mkazi wa Tanga, na nina umri wa miaka 61. Mwaka 1990 nilisoma Montpellier, kusini mwa Ufaransa, na hadi leo ninaandikiana na wenzangu watatu wa wakati ule. Mmoja yuko Perpignan, wa pili Sète, wa tatu Arles. Nimekusudia kuwatembelea kwa baiskeli mwakani, mwezi wa Agosti, kwa siku 12, nikianzia Perpignan na kumalizia Arles, kisha nipandie ndege Marseille. Hapa nyumbani huendesha kilomita 20 kila siku. Je, mpango huu unafaa, na niende na baiskeli yangu? Tena yule wa Sète anataka nikae kwake wiki nzima. Nimjibu nini?

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Safari inafaa, ila mimi ningeigeuza: anzia Arles, malizia Perpignan, na Agosti iache.

Sababu ya kwanza ni upepo. Sisi watu wa mwambao tumezoea kusi na kaskazi, pepo zenye msimu wake, ambazo nahodha huweza kuzipangia safari miezi kadhaa kabla. Kule kuna pepo mbili zisizojali kalenda. Mistral hushuka kutoka kaskazini kwa bonde la mto Rhône, ukiwa umebanwa kati ya milima ya Alps na nyanda za juu za Massif Central, hata ukifika Arles umekwisha kushika kasi. Tramontane hupenya upande wa pili wa nyanda hizohizo, kati yake na milima ya Pyrenees, ukatokea Narbonne na Perpignan kutoka kaskazini-magharibi. Zote mbili huweza kupita kilomita 100 kwa saa, na zaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo huku jua linawaka na wingu hakuna, jambo linalomhadaa mgeni.

Anayetoka Perpignan kwenda Narbonne anaelekea kaskazini, yaani anaukabili upepo uso kwa uso. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Karibu na Leucate, kwenye barabara tambarare kama meza, nilikuwa nimeweka gia ya kupandia mlima, nimeinama hadi kidevu kinakaribia usukani, na bado mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake alinipita kwa miguu. Mwishowe nilishuka, nikaikokota baiskeli. Ukitokea Arles, upepo uleule utakusukuma mgongoni au, ukikuonea sana, ubavuni.

Njia yote ni takriban kilomita 300, na sehemu kubwa haina mlima. Ukienda kilomita 45 kwa siku, utaendesha siku saba na zitakubaki tano za marafiki. Kilomita 20 za kila siku zimekujengea pumzi, lakini hazijakufundisha kuamka na misuli inayouma ukapanda tena baiskeli. Kabla ya kuondoka, funga mzigo kwenye keria, nenda Muheza ukalale, urudi kesho yake. Fanya hivyo mara tatu au nne.

Kuhusu mwezi, Agosti ni wakati wa likizo ya Wafaransa wenyewe: joto ni kali, pwani imejaa, na vyumba ni ghali. Mwisho wa Mei au Juni ni bora zaidi. Vuli nayo huleta mvua za ghafla zenye mafuriko.

Kutoka Arles utapita Camargue, delta ya Rhône, penye mashamba ya mpunga na mabwawa ya chumvi. Simama kidogo uwatazame heroe wakila: hukanyagakanyaga tope kwa miguu, kisha huingiza kichwa majini juu chini na kuchuja chakula kwa mdomo. Jipake dawa ya mbu, kwa maana Camargue haina huruma kwa mtu aliyesimama. Baada ya Saintes-Maries-de-la-Mer utavuka tawi dogo la mto kwa kivuko kisicholipiwa, uelekee mji wenye kuta wa Aigues-Mortes, halafu Sète. Mbele ya Sète, njia ya baiskeli inafuata ukanda mwembamba wa mchanga, bahari kushoto na wangwa kulia. Kisha utaufuata mfereji wa Canal du Midi, uliofunguliwa mwaka 1681. Hapo punguza mwendo, kwa kuwa mizizi ya miti imeinua udongo na njia inarusharusha.

Baiskeli yako ibaki Tanga. Mwombe rafiki wa Arles akukodishie yenye gia dukani kwao, nawe utairudisha mwenyewe kwa treni, maana reli hupita Perpignan, Narbonne, Béziers, Sète na Montpellier hadi Arles, na kuelekea Marseille utaifuata hiyo hiyo. Treni za mkoa hupokea baiskeli, ila nafasi ni chache, kwa hiyo ulizia kituoni mapema. Reli hiyo ndiyo pia kimbilio lako siku upepo utakapokushinda, na kupanda treni si aibu.

Viza ya Schengen, ndiyo utakayoingia nayo Ufaransa, huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, nayo hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Rafiki anayekulaza aende mwenyewe kwenye ofisi ya meya wa mji wake kuomba hati ya mwenyeji, attestation d'accueil, akutumie hati halisi. Kwa usiku utakaolala hotelini, ambatisha uthibitisho wa chumba. Waandikie sasa, kwa sababu hati hiyo si ya kuombwa kwa wiki moja.

Sasa huyo wa Sète. Wiki nzima ni nyingi, na sisi wenyewe tumesema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Hata hivyo usimkatalie. Mweleze kwamba Sète iko katikati ya njia, na kwamba umemtengea usiku tatu, mwingi kuliko wa wenzake, uupumzishe mgongo kwake. Mpe tarehe ya kufika, saa usimpe, ila ukiona utachelewa chakula cha jioni, ambacho kwao huliwa saa mbili usiku, mpigie simu. Zawadi iwe karafuu na majani ya chai. Machungwa ya Muheza hayaingii bila cheti cha afya ya mimea, na nyama na maziwa hayaruhusiwi. Akuonjeshe tielle, mkate wa Sète uliojazwa pweza na nyanya, nawe kesho yake umpikie pweza wa nazi. Tui la kopo utalipata Montpellier.